Shangazi karudishwa nyumbani na chupa ya mofini, ukoo umegawanyika. Wenye uzoefu wa tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyepona) Tanga naomba msaada

#1 Tongoni Kwetu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana kansa ya titi. Ilipogundulika ilishatoka nje ya titi. Akapigwa dripu za kansa (kemo), akapata nafuu, ikarudi. Sasa imeingia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo wa chini, na titi lenyewe lina kidonda kilichofunguka. Hospitali moja (siitaji, sitaki uzi ugeuke mabishano ya hospitali) tuliambiwa koridoni, daktari kasimama na faili mkononi: dripu hazisaidii tena, mrudisheni nyumbani. Tukapewa karatasi ya dawa na chupa ya mofini ya maji, basi. Hakuna aliyetuketisha kutueleza.

Tumefika Tanga, ukoo vipande vitatu. Baba mdogo anasema mofini ni dawa ya kumsindikiza mtu, akianza leo wiki haiishi, tena ni ndugu wa unga unaowamaliza vijana wetu mjini. Chupa kaifungia kabatini, ufunguo anao yeye. Kaka mkubwa anataka tuuze shamba la minazi, mgonjwa apelekwe India. Wifi ana mtu wake wa majani ya mstafeli. Shangazi mwenyewe hakuna aliyemuuliza neno.

Usiku halali. Anakaa ameegemea ukuta maana akilaza ubavu nyonga inamwaka. Mchana wakija wageni anajikaza, anajifunga mtandio vizuri, anawauliza habari za watoto wao. Wanaondoka wakisema "mgonjwa hajambo, mashallah".

Nataka kujua: hii mofini ni salama au baba mdogo ana hoja? "Mrudisheni nyumbani" maana yake hospitali wamemaliza kazi? Na hapa Tanga nimpeleke kwa nani?

#2 Embe Bolibo

Pole sana mkuu. Sina la kuchangia kwa sasa, nakaa hapa nijifunze. Mama mkubwa wangu alipita njia hiyo hiyo.

#3 Sista Mstaafu

Mwanangu Tongoni, poleni. Nimefanya kazi wodini hapa hapa Tanga hadi nilipostaafu, na wagonjwa wa kansa niliowauguza ni wengi. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kamwombe baba mdogo ufunguo. Kwa adabu, lakini leo.

Haya. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mwaka 1986 shirika hilo likatoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya kansa, na kiini chake hakijabadilika hadi leo: dawa ipitie mdomoni ikiwezekana, itolewe kwa saa, na kipimo kifuate mgonjwa mwenyewe. Hilo la "kwa saa" ndilo familia nyingi hulikosea. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne, aumwe asiumwe wakati huo. Watu wa Tongoni ni wavuvi, mtanielewa: maji ya ngalawani hufuliwa safari nzima, hayangojwi yajae ndipo mtu atafute upo. Ukisubiri alie, utahitaji dawa nyingi zaidi na itachelewa kumtuliza.

Muulizeni daktari mambo mawili, na ayaandike. Kwanza kipimo cha kulalia, maana mara nyingi huongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Pili kipimo cha ziada, maumivu yakipenya kabla ya saa kufika. Pimeni kwa bomba lisilo na sindano, kijiko cha chai hapana. Na msome nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kila mnapopewa mpya, kwa sababu mofini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti. Mililita zile zile za chupa ya jana zinaweza kuwa dozi nyingine kabisa kwenye chupa ya leo.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, pengine na kichefuchefu. Msitishike. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu, maumivu yakimwachia, atalala tu. Cha kuogopa ni hiki: mnamwita na kumtikisa haamki, pumzi zinakuja moja moja kwa kuachana sana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Hapo ni hospitali mara moja. Kama figo zake si nzuri mwambieni daktari mapema, kipimo hupunguzwa.

Na choo! Karibu kila anayetumia mofini hufunga choo, na hilo mwili hauzoei. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Kumpa mtu mofini bila dawa ya choo ni kuyatoa maumivu nyongani na kuyapeleka tumboni. Angalieni kwenye karatasi yenu, kama haikuandikwa rudini mkaulize.

#4 Kijana wa Kange

Sista heshima yako, ila hujajibu la baba mdogo. Mateja tunawaona kila siku hapa mjini. Hiyo mofini na heroini si vitu vya ukoo mmoja? Shangazi akishazoea itakuwaje?

#5 Sista Mstaafu

Kijana wangu, swali zuri na sikwepi. Ndiyo, ni za ukoo mmoja. Heroini hutengenezwa kutoka kwa mofini yenyewe.

Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jingine. Mgonjwa akitumia mofini wiki kadhaa mwili huizoea, ndiyo maana haikatwi ghafla, hupunguzwa taratibu ikiwa sababu ya maumivu imeondoka. Mraibu anaikimbilia dawa huku maisha yake yanaporomoka, anauza hadi sufuria za mama yake. Mgonjwa wa kansa maumivu yakitulia huinuka kitandani, huomba chai, huulizia wajukuu. Mmoja dawa inamtoa kwa watu, mwingine inamrudisha kwa watu. Uraibu unaweza kutokea, sitasema hautokei kamwe, ila kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kweli anayepimiwa na kufuatiliwa ni nadra, na si sababu ya kumwacha mama wa watu akeshe ameegemea ukuta.

Kuhusu sheria: sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 inadhibiti mofini, haikatazi kumtibia mgonjwa. Ndiyo maana hutolewa kwa karatasi ya daktari na huandikwa kwenye daftari. Wekeni mahali pa kufungwa, watoto wasifikie. Kabati si baya, baba mdogo kakosea ufunguo tu.

Na lile la "akianza wiki haiishi": mofini hupewa sifa hiyo kwa sababu watu wanaianza mgonjwa akiwa ameshafika ukingoni. Anapewa Jumatatu, anafariki Alhamisi, mtaa mzima unasema dawa imemuua. Ikianza mapema kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole, mgonjwa hukaa nayo miezi, wengine zaidi ya mwaka, anapika na kwenda shughulini.

#6 Mfamasia wa Pangani

Naongezea hapo kwa Sista maana ndipo penye kiini cha uzi huu. Tiba shufaa kwetu inafikiriwa ni chumba cha mwisho. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya kansa, nusu wakapata matibabu yale yale pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na maisha bora, huzuni iliyopungua, na lilisukumiwa dripu chache zaidi za dakika za mwisho. Halafu likaishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya kundi la kwanza. Waliotulizwa ndio walioishi zaidi. Mwonyeshe baba mdogo.

Kansa ya mapafu si ya titi na Boston si hospitali yetu ya Bombo hapa Tanga, hilo nalijua. Lakini hoja kwamba kutuliza maumivu kunamharakisha mtu haina pa kusimamia.

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba tiba shufaa iingizwe kwenye huduma za kawaida za afya. Makadirio ya shirika hilo ni watu milioni 56.8 wanaoihitaji kila mwaka, na kama asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Shangazi yako ana chupa mkononi, tayari yuko kwenye wachache, halafu chupa iko kabatini.

#7 Ustadhi Makorora

Assalaam alaykum. Mimi si mufti, nasema ninachokijua. Mtume (SAW) ametuamrisha kutafuta dawa. Kuvumilia maumivu kuna ujira, lakini kuyavumilia wakati dawa ipo hakukuwajibishwa kwa mtu. Dawa yenye kulevya kwa dharura ya ugonjwa, kwa kipimo cha tabibu, wanazuoni wameiruhusu. Mambo haya huwatesa wagonjwa wetu kimoyo wasiseme, kwa hiyo nayataja: asiyeweza kusimama ataswali ameketi, asiyeweza kuketi ataswali amelala. Maji yakimdhuru kidonda atatayamamu. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hafungi Ramadhani, hutolewa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Kuna wazee wanaoacha dawa za mchana mwezi wa Ramadhani kwa kuona haya. Wambieni.

#8 Fundi Mkonge

La India nitalisemea mimi. Baba alipata kansa ya koo la chakula. Tuliuza ng'ombe, tukauza kiwanja cha Pongwe, tukakopa na juu yake. Hatukuwahi kukaa naye tukamuuliza anataka nini. Kila kikao cha ukoo kilikuwa cha pesa, mgonjwa yuko chumba cha pili anasikia.

Sisemi watu wasiende India. Wapo wanaokwenda na wakapona, hasa ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja. Kabla ya kuuza mnazi hata mmoja mwulizeni daktari wa kansa swali hili, kwa maneno haya haya: "Huko kuna tiba gani ambayo hapa haipo, na inatarajiwa kumfanyia nini?" Akijibu "itampunguzia maumivu", maumivu yanatulizwa Tanga. Akijibu "inaweza kuponya", haya, kaeni mpige hesabu. Akizungukazunguka, mmeshapata jibu.

#9 Mzee wa Raskazoni

Mimi napingana na mnakoelekea. Mgonjwa haambiwi. Ukimwambia mtu kwamba hakuna dawa umemuua kabla ya siku yake. Wazee wetu waliuguza bila kumtajia mgonjwa ugonjwa wake na walizika kwa heshima. Haya ya kukaa kitako kuulizana "unataka kufa vipi" ni ya wazungu.

#10 Sista Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu ila hapa tutagongana kidogo.

Hakuna anayesema mtu aingie chumbani atangaze hukumu. Kazi ni kuuliza na kunyamaza. "Mama, ugonjwa huu wewe unauonaje?" Kisha unakaa. Asiyetaka kujua atabadilisha mazungumzo, utamwona, na hapo unaheshimu. Anayetaka atakwambia mambo ambayo wewe hukuwa na ujasiri wa kuyataja. Tangu nianze kazi sijaona mgonjwa wa kansa aliyefika hatua hiyo asijue. Ninachokiona ni mgonjwa anaificha familia, familia inamficha mgonjwa, kila mmoja analia upande wake wa ukuta. Na wazee wetu hao hao, mzee wangu, ndio waliotuachia desturi ya kuusia. Anausia vipi mtu asiyeambiwa?

#11 Tongoni Kwetu

Wakuu nimerudi. Asanteni wote, nimesoma kila neno.

Ufunguo nimepata. Sikubishana na baba mdogo. Nilimsomea alichoandika Mfamasia na alichoandika Ustadhi, la Ustadhi akaniambia nirudie. Akatoa ufunguo mfukoni, akasema, "Nyie mmesoma, basi mtajua wenyewe." Tumeanza.

Sasa la shangazi. Jioni nilimkuta peke yake, nikakaa mkekani, nikamuuliza kama Sista alivyoelekeza. Akaniangalia. "Mwanangu, mimi nimezika mume, nimezika mama yangu na mama yake. Mnadhani sijui? Mnanong'ona jikoni, na nyumba yenyewe ni ya udongo." Akacheka. Halafu akalia, na mimi nikalia. Halafu akaniambia nilete karatasi na kalamu.

India hataki. "Niende nikafie mahali ambapo sijui hata kuomba maji?" Anataka deni lake la kikoba lilipwe, katajia hadi shilingi mia tano ya faini. Cherehani apewe binti wa mwisho wa marehemu dada yake, si hao wanaoisubiri. Na kitanda kitolewe chumba cha ndani kiwekwe ukumbini, aone watu wakipita njiani. Mjukuu wake anaolewa, anataka awepo siku ya hina. Lakini hapo ndipo alipoangusha sauti: hataki kukaa na watu kwa sababu ya harufu ya kidonda. Kumbe ndiyo maana siku hizi anawapokea wageni kwa mbali, na wifi alikuwa anafukiza udi chumba kizima.

Sista, hilo la harufu kuna namna?

#12 Sista Mstaafu

Ipo, tena hii ndiyo kazi niliyokuwa naipenda, maana unaona matunda yake mwenyewe.

Harufu ile inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Kumbe udi na ubani haviwafanyi kitu, vinaongeza harufu juu ya harufu na mgonjwa anapata kichefuchefu. Uacheni.

Mpeni kipimo chake cha mofini kama nusu saa kabla ya kusafisha. Chemsheni maji, tieni chumvi kidogo, yapoe yawe vuguvugu. Gozi la zamani msilibandue likiwa kavu, litang'oa nyama na kutoa damu. Lilowesheni hayo maji hadi litoke lenyewe. Kidonda msikisugue, miminieni maji tu yakioshe. Kisha dawa yenyewe: metronidazo, ile watu wanaita Flagyl. Muulizeni daktari au nesi wa tiba shufaa awaandikie ya kutumia kidondani. Vidonge husagwa vikawa unga laini, hunyunyizwa juu ya kidonda, kisha unafunika. Kwa wengi baada ya siku chache harufu inapungua sana. Magozi yakiwa ghali, kanga kuukuu laini zikatwe, zifuliwe, zichemshwe na kupigwa pasi ya moto. Ya kutupa chomeni au fukieni.

Jambo jingine ambalo familia hazielezwi. Kidonda cha namna hii kinaweza kutoka damu ghafla. Wekeni kaniki karibu na kitanda. Damu kwenye shuka jeupe inamtia mgonjwa hofu kuliko damu yenyewe, kwenye kaniki haionekani. Gandamizeni kwa kitambaa kilicholowa, mkae naye, mmoja apige simu.

Na kwa sababu kansa imeingia mgongoni, hili walijue wote wa nyumba: akisema miguu imekuwa mizito au imekufa ganzi, au mkojo umeziba au unatoka bila kujijua, au maumivu ya mgongo yamebadilika ghafla, hiyo ni dharura. Siku hiyo hiyo hospitali, hata kama ni usiku. Uti wa mgongo ukibanwa na mkawahi anaweza kuendelea kutembea. Mkingoja hadi kesho kutwa pengine harudi kusimama.

#13 Binti Chumbageni

Mimi nauliza kwa niaba ya wifi yako, maana naona anatajwa kwa mstafeli tu. Ni nani anayeosha hicho kidonda, anayefua, anayeamka usiku? Nilimuuguza mama mkwe na nakuambia wanaume wa ukoo walikuwa hodari wa vikao. Wekeni zamu iandikwe, kaka yako mkubwa awemo. Kumpa mtu dawa ya saa sita za usiku hakuhitaji mwanamke.

Na chakula. Msimlishe kwa nguvu. Nilikuwa nasimama na bakuli la uji namwambia "kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu", anameza machozi yakimtoka. Nesi ndiye aliyenieleza kwamba ugonjwa ukifika mbali mwili wenyewe unakataa chakula, na kumshindilia hakumwongezei nguvu. Mpe anachotamani, kidogo, kwenye sahani ndogo. Mama mkwe alikuwa hataki kitu ila dafu la baridi na kipande cha bumunda. Basi tukampa. Mdomo usafisheni mara kwa mara, ukiona utando mweupe ulimini mwambie nesi, huo ni ukungu na una dawa.

#14 Kijana wa Kange

Na mstafeli mmeuruka?

#15 Mfamasia wa Pangani

Majani ya mstafeli yamejaribiwa kwenye chupa za maabara, hakuna uthibitisho kwamba yanaponya kansa ya binadamu. Akitaka kikombe kimoja kwa ajili ya moyo wa wifi sitagombana naye. Asiache dawa kwa ajili yake, asinywe dumu zima, na daktari aambiwe. Pesa ya mganga mnunulie magozi na pampasi.

#16 Tongoni Kwetu

Binti Chumbageni umenipiga pale pale. Zamu imeandikwa, imebandikwa mlangoni, kaka kapewa usiku wa Jumanne na Ijumaa. Kanuna lakini kakubali.

Shangazi analala. Amelala ubavu! Tunatumia kipimo cha mkono alichotufundisha nesi: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni mabaya kuliko yote. Alianzia vinne na vitano, sasa ni kimoja au viwili akiwa ametulia. Akisimama kwenda msalani vinapanda hadi vitatu vinne, nyonga ile ile. Hapo bado panatusumbua.

Nimeuliza Bombo, nikaanzia ustawi wa jamii wanipe utaratibu. Wamenielekeza vizuri. Daktari niliyemwona amesema pengine apelekwe Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, kupigwa mionzi ya nyonga. Nikashtuka, si tuliambiwa hakuna tiba tena?

#17 Mfamasia wa Pangani

Mliambiwa dripu hazisaidii. Mionzi hii si ya kuponya, ni ya kutuliza mfupa, na ni sehemu ya tiba shufaa. Uzuri wake ni kwamba kwa maumivu ya mfupa, pigo moja tu la mionzi mara nyingi hutuliza sawa na mapigo mengi ya siku nyingi. Ulizeni waziwazi kama yake inaweza kuwa ya mara moja, ili msikae Dar wiki nzima. Nafuu haiji siku hiyo, hujengeka kwa wiki kadhaa, na siku za mwanzo maumivu yanaweza hata kupanda kidogo. Mofini iendelee. Harusi ni lini?

#18 Tongoni Kwetu

Mwezi ujao mwishoni. Tunataka kuwahi. Ila safari ya Tanga hadi Dar na nyonga hiyo, naogopa.

#19 Fundi Mkonge

Kama ana nguvu za gari ndogo, bora gari ndogo. Kama ni basi, chukueni viti vya mbele, msikubali kukalishwa juu ya tairi. Godoro jembamba la sponji chini ya makalio na mto mmoja upande wa nyonga.

Wa Muheza wakisoma uzi huu: Hospitali Teule kumekuwa na huduma ya hospisi (ya tiba shufaa) tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, msije mjini kabla hamjauliza hapo kwanza.

#20 Sista Mstaafu

Fundi kasema sawa. Nyongeza ya dawa. Mkiondoka stendi ya Kange saa kumi na mbili asubuhi, apewe kipimo chake kabla ya kupanda. Kinachofuata ni saa nne asubuhi, mtakuwa maeneo ya Chalinze, wekeni kengele kwenye simu. Kipimo cha ziada kiwe mkononi, si kwenye begi lililo chini ya basi. Chupa ibaki na lebo yake na karatasi ya daktari iwe pamoja nayo, mkisimamishwa njiani mnaionyesha. Maji, mfuko wa kutapikia, kanga mbili za kubadili, na gozi la akiba. Kidonda kisafishwe usiku wa kuamkia safari, si asubuhi kwa haraka.

Barua ya rufaa, majibu ya kinyama (kile kipande kilichokatwa kupimwa) na picha zote za zamani mbebe. Bila hizo mtarudiwa vipimo.

#21 Mzee wa Raskazoni

Bado sikubaliani na kuambiana. Lakini la cherehani limenifurahisha. Mfikishieni salamu zangu.

#22 Embe Bolibo

Tongoni, mna pa kufikia Dar? Shemeji yangu yupo Kigamboni, nyumba ina chumba cha chini kisicho na ngazi na choo cha kukaa. Kivuko kinawashusha Magogoni, hapo Ocean Road ni bajaji fupi tu. Nimeshaongea naye, kasema hata mkiwa wanne. Njoo PM (ujumbe wa faragha) nikupe namba.